Mama Aliyewaandikia Wanawe: Juu ya Kumbukumbu za Bibi Salme binti Said

Vitabu vya maisha ya watu vilivyotoka katika pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya kumi na tisa na mwanzo wa karne ya ishirini ni vichache, na vingi katika hivyo vichache ni vya wanaume. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi yake ni ya misafara, pembe za ndovu, vita na hesabu ya mali. Mama, mke na watoto hupita humo mbio kama watu waonwao njiani. Kwa sababu hiyo kitabu cha Bibi Salme binti Said, kilichopigwa chapa mjini Berlin mwaka 1886 katika juzuu mbili, chastahili kusomwa kwa jicho jingine. Lugha yake ni Kijerumani. Lakini nyumba isimuliwayo ni ya Unguja, na msimulizi ni mama. Katika dibaji aeleza kuwa alianza kuandika miaka tisa kabla ya kitabu kutoka, na kwamba aliowakusudia hawakuwa walimwengu, bali watoto wake, ambao juu ya asili yake walijua kidogo tu: kwamba mama yao ni Mwarabu, na kwamba alizaliwa Unguja. Alikuwa amechoka mwili na roho, wala hakutumaini kuishi mpaka wakue awasimulie kwa mdomo.

Wasomaji wengi wameipita dibaji hiyo kama watu wapitavyo ukumbini kwa haraka ya kufika ndani. Wametafuta katika kitabu mambo mawili, kasri na mapenzi, na yote mawili wameyapata. Lakini aliyeipuuza dibaji hawezi kujua kwa nini mambo fulani yamesemwa kwa urefu wa kurasa nyingi, na mengine, makubwa kuliko hayo, hayakusemwa hata kwa neno moja.

Habari za maisha yake zaweza kutolewa kwa ufupi. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri ya Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, binti wa Seyyid Said bin Sultan na suria wake Jilfidan, mwanamke wa kabila la Sirkasi. Baba alikufa baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Omani, na mama akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huo huo, akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, aliingia katika fitina ya ndugu yake Barghash dhidi ya ndugu yao Majid aliyekuwa akitawala, akawa mwandishi wa siri wa waasi. Miaka michache baadaye alipendana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani na yake. Tarehe 24 Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Alikaa Aden miezi mingi kumngojea mchumba wake, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo. Wakaenda Hamburg. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe aliumizwa na tramu ya kuvutwa na farasi, akafa. Bibi Salme alibaki katika nchi ya ugeni na watoto watatu, Antonie, Rudolph Said na Rosalie, wa kwanza akiwa na miaka miwili, na wa mwisho hajatimiza hata miezi sita.

Basi mtu wa namna hii, akiketi kuwaandikia wanawe, ataanza wapi?

Alianza kwa mama yake. Sura za mwanzo zimejaa ua wa Mtoni, tausi na paa na mbuni wakitembea humo, mabirika ya kuogea, watu wapatao elfu katika nyumba moja, na Seyyid mzee akienda huku na huku katika roshani ya mviringo itazamayo bahari, kichwa ameinamisha, akichechemea kwa sababu ya risasi iliyompata pajani katika vita vya ujana wake. Yote hayo yameelezwa kwa ustadi. Lakini kalamu hubadilika sauti amtajapo Jilfidan. Hamsifu kwa uzuri. Asema kuwa hakuwa mzuri wa sura, bali mrefu, mwenye nguvu, mwenye macho meusi na nywele zilizofika magotini. Amsifu kwa huruma, kwa kuwauguza wagonjwa wa nyumba nzima na kwa kuwasomea vitabu vya dini. Mtoto alipotaka kujifunza silaha na farasi kwa kaka yake Majid, mama ndiye aliyeumia moyo. Ipo hadithi moja ndogo ambayo yafaa kuangaliwa. Salme, akiwa mtoto, alikwea mnazi mrefu bila kamba ya miguu, akakaa juu kileleni akiwaita wapitao na kuwasalimu kwa majivuno. Watu walikusanyika chini kwa hofu. Hapana aliyethubutu kumfuata, maana wangeweza kumwangusha. Mama alimbembeleza, akamwahidi mambo mazuri, ndipo akashuka. Mtu aliyeandika habari hii alikuwa mjane katika Ujerumani, kwa miaka mingi yuko juu ya mnazi mrefu zaidi, na mama wa kumbembeleza ashuke alikwisha kufa. Yeye mwenyewe hakuufanya ulinganifu huo, wala haukuhitajiwa.

Ujasiri wake una nasaba, naye ajua kuionyesha. Katika sura ya wanawake wa Mashariki, ambayo yaonekana kuwa imekusudiwa kuwajibu Wazungu waliodhani kuwa mwanamke wa Kiarabu ni kiumbe aliyefungiwa asiye na akili, aleta kisa cha shangazi wa babake aliyeshika utawala wa Maskati wakati Seyyid Said alipokuwa bado mdogo. Mji ulipozingirwa, bibi huyo alivaa nguo za kiume usiku, akapanda farasi, akakagua walinzi mwenyewe. Kama hoja dhidi ya Wazungu, kisa hiki ni kizuri, ingawa mwanamke mmoja mtawala hathibitishi hali ya wanawake elfu. Kama urithi kwa watoto waliolelewa Ujerumani kisa hiki ni kizuri zaidi. Chawaambia kwamba mama yao hakuwa wa kwanza katika ukoo wake kutoka nje usiku. Na kwamba yule wa kwanza alitoka kwa ajili ya kumlinda mtoto.

Kadhalika habari ya kujifunza kuandika. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto wa chuoni waliutumia kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Ujuzi huo ndio uliomfanya Barghash amtake awe mwandishi wake mwaka 1859, na ndio uliomwingiza katika maasi yaliyomharibia heshima na urafiki. Asimulia jinsi yeye na ndugu zake wa kike walivyotoka usiku, wakapita mbele ya askari waliokuwa wakiizingira nyumba ya Barghash, wakamtoa amevikwa nguo za kike katikati yao, macho tu yakionekana. Kisha Barghash akashindwa, akapelekwa Bara Hindi, na waliomwandikia barua wakabaki na aibu. Hapa kitabu kina unyofu ambao haupatikani katika masimulizi ya wakubwa wengi. Akiri wazi kuwa alikosa, kwamba Majid alikuwa amemtendea wema tu, na kwamba alivutwa na mapenzi ya dada yake Khole kuliko haki ya jambo lenyewe. Mama awaambiaye watoto wake, “Nilikosea, na kosa langu lilikuwa hili,” amewapa kitu ambacho mawaidha mengi hayatoi.

Neno mawaidha lamleta akilini Mwana Kupona binti Msham wa Pate, na ulinganifu wa wanawake hao wawili hauepukiki. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858, Salme akiwa msichana wa miaka kumi na minne katika Unguja. Mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka wa Siu, alipigana na majeshi ya Seyyid Said. Kwa hiyo binti wa mmoja na mjane wa mwingine walikuwa katika pande mbili za vita vile vile. Wote wawili waliandika katika ugonjwa, wote wawili walidhani kuwa siku zao zimekaribia kwisha, na wote wawili waliwaandikia watoto wa matumbo yao. Lakini Mwana Kupona alimwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi. Aliweza kumwita kwa kuwa mtoto yuko pale pale, nyumba ni ile ile, na dini na adabu ambazo binti ataziishi ni zile zile ambazo mama ameziishi. Ndiyo maana utenzi wake waweza kuwa wa maagizo: fanya hivi, usifanye hivi, mtazame mume, watunze jamaa. Salme hakuwa na maagizo ya kutoa. Kila alichokijua juu ya maisha ya mwanamke hakikuwafaa Antonie na Rosalie katika miji ya Ujerumani, na kile kilichowafaa yeye mwenyewe alikuwa bado akijifunza. Hakubakiwa na jambo la kuwapa ila habari. Kitabu chake chote ni mawaidha yaliyopoteza kitenzi cha amri. Yafaa wanafunzi wa utungaji wavisome vitabu hivyo viwili pamoja, maana kila kimoja hufunua kile ambacho mwenzake amekichukua kuwa hakina haja ya kusemwa.

Sasa yafuata mambo mawili ambayo mhakiki hawezi kuyapita kwa adabu tu.

La kwanza ni ukimya. Bibi Salme aeleza kuwa alifahamiana na Ruete, kwamba urafiki ukawa mapenzi, kwamba habari zikaenea mjini, kwamba alijaribu kuondoka mara moja bila kufaulu na mara ya pili akafaulu. Akanusha kwamba Majid alimfunga au kumtesa. Kisha aenda Aden, aolewa, asafiri, na sura yafungwa. Hasemi kuwa alipanda Highflyer akiwa mja mzito. Hasemi kuwa mwezi wa Desemba 1866 alizaa huko Aden mtoto wa kiume, Heinrich, wala kuwa mtoto huyo alikufa mwaka 1867 katika safari ile ile ya kwenda Ulaya. Msomaji asiyejua habari hizi hupata katika sura ya Aden hisia ya mtu anayetembea juu ya sakafu yenye ubao mmoja uliolegea, asijue ni upi. Wako watakaosema kuwa huu ni udanganyifu, na kwamba kitabu cha kumbukumbu kifichacho mzaliwa wa kwanza hakistahili jina lake. Hukumu hiyo ni kali kupita haki. Kitabu kilitoka wakati Antonie alikuwa na miaka kumi na minane na Rosalie kumi na sita, wasichana wasio na baba wala mali katika jamii iliyokuwa ikiwatazama kwa udadisi. Ukweli mzima ungaliwaangukia wao kabla ya kumfikia mtu mwingine. Mtunzi alichagua, na gharama ya uchaguzi huo aliilipa katika sanaa yake: sura ambayo ingekuwa moyo wa kitabu ndiyo iliyo nyembamba kuliko zote. Jambo hilo laweza kuitwa upungufu wa kitabu bila kuitwa upungufu wa mtu.

La pili ni zito zaidi, nalo halina udhuru wa namna hiyo. Katika sura aliyoiandika juu ya utumwa, Bibi Salme autetea. Asema kuwa utumwa wa nchi za Mashariki haufanani na ule wa Marekani, alaumu Waingereza kwa kuukomesha ghafula, na awasema Waafrika kuwa ni wavivu wasiofanya kazi ila kwa kulazimishwa. Maneno hayo si ya kupita, ameyajengea hoja. Mjini Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019, na baadaye uamuzi huo ukatenguliwa kwa sababu ya maneno haya haya. Lakini lililo gumu zaidi halimo katika sura ya utumwa. Limo katika kurasa za mwanzo, katika habari za Jilfidan. Huko asimulia jinsi mama yake alivyokuwa mtoto wa mkulima, mmoja wa watoto watatu. Jinsi wanyang'anyi wa vita walivyoingia, wakawaua baba na mama. Jinsi wapanda farasi watatu walivyowachukua watoto, kila mmoja akaenda na wake njia yake. Na jinsi mdogo wao alivyokuwa akimlilia mama yake njia nzima. Jilfidan hakupata tena habari ya ndugu zake. Alifika katika nyumba ya Seyyid akiwa na miaka saba au minane, akang'oka jino lake la kwanza humo.

Hapana ukurasa ulioandikwa pwani hii usemao vizuri zaidi kile ambacho biashara ya watu humfanyia mtoto. Na mtu aliyeuandika ni yule yule aliyeandika sura ya kuitetea biashara hiyo, katika kitabu kile kile, wala haonekani kuwa alihisi kwamba kurasa hizo mbili zatazamana. Yawezekanaje? Sehemu moja ya jibu ni kwamba Jilfidan alikuwa Msirkasi na akawa mama wa binti wa mfalme, na kwa macho ya nyumba ile huyo na mchukuzi wa maji aliyetoka bara walikuwa viumbe wa namna mbili. Sehemu nyingine yatoka katika kusudi la kitabu. Salme alikuwa akiwaandikia wanawe ili waipende nyumba ambayo hawakuizaliwa. Kukiri kuwa nyumba hiyo ilisimama juu ya machozi kungaliwapokonya hata hiyo nyumba ya karatasi. Mapenzi ya mama, ambayo katika sura nyingine humfanya aone sana, hapa yalimfumba macho. Msomaji hana budi kulisema jambo hili wazi, hasa msomaji wa Unguja au wa mrima, ambaye huenda nyanya yake alikuwa miongoni mwa watu elfu wale wa Mtoni ambao majina yao hayakuandikwa na mtu.

Sura ya mwisho ya kitabu, ya safari ya mwaka 1885, ni ya mkono ule ule lakini si ya roho ile ile. Alirudi Unguja pamoja na watoto wake katika meli iitwayo Adler, ikifuatana na manowari za Ujerumani zilizokuja kumshurutisha Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani. Bibi Salme alitaka fungu lake la urithi wa ndugu waliokwisha kufa. Serikali ya Bismarck ilitaka mrima. Watu wa mji walimlaki njiani kwa salamu na furaha; Barghash alikataa kumwona. Wajerumani walipopata walilolitaka, haki ya bibi huyu haikuwa tena na faida kwao, ikaachwa. Katika sura hii lawama yake juu ya Barghash ni kali mno, na mahali pengine ni ya kisasi. Aorodhesha ukatili wake kama mwenye kesi aorodheshavyo mashahidi. Yule aliyekuwa mwandishi wa siri wa ndugu yake sasa aandika dhidi yake hadharani. Lakini hakuna lawama kama hiyo juu ya Ujerumani, ambayo ilimtumia kama mtu atumiavyo ufunguo wa kukopa. Huenda hakuweza: alikuwa raia wao, na watoto wake ni wa kwao. Alijaribu tena mwaka 1888, akarudi mikono mitupu.

Atakaye kumsikia akisema bila kizuizi hana budi kwenda kwenye barua zake kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina. Ndani yake mnasimuliwa safari ya Bahari ya Sham, nyumba ya Hamburg na watu waliokuja kumtazama, baridi, kifo cha mumewe, na miaka ya dhiki iliyofuata, alipohama mji hata mji akitafuta mahali pa kuwalea wanawe kwa mapato madogo. Kama kazi ya sanaa barua hizi zapita Kumbukumbu. Zina hasira, zina kejeli, zina kilio. Katika kitabu cha kwanza asema na watoto, na kwa hiyo ajizuia; katika barua asema na mtu wa nyumbani, mwanamke mwenzake, ambaye hana haja ya kuelezwa mnazi ni nini. Walio na shaka kama rafiki huyo alikuwapo kweli wana haki ya kuuliza, lakini swali hilo halipunguzi uzito wa sauti. Mtu akikosa wa kumwambia atamtunga.

Kutoka mwishoni mwa karne ile mpaka mwaka 1914 aliishi zaidi katika nchi za Sham, Jaffa na Beirut, mahali alipoweza kusikia Kiarabu na adhana ingawa mwenyewe alikuwa Mkristo. Watoto walikua wakaoa na kuolewa, naye akawa nyanya. Mwana wake Rudolph Said alichukua jina la babu yake na kuliunganisha na la baba, na mwaka 1929 akatoa mjini London kitabu cha Kiingereza juu ya Seyyid Said bin Sultan. Ni kitabu cha mwanachuoni, chenye mikataba na tarehe; lakini aliyesoma Kumbukumbu atatambua kuwa mjukuu asiyepata kumwona babu yake hangaliweza kumtafuta kwa bidii ile kama asingalisikia utotoni habari za mzee achechemeaye katika roshani itazamayo bahari.

Bibi Salme alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika kaburi la jamaa ya Ruete huko Ohlsdorf, pamoja na kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Unguja. Antonie alikufa mwaka 1945, Rudolph Said mwaka 1946, Rosalie mwaka 1948. Zile barua zilipigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, kwa Kiingereza.